Kichaa cha Mbwa: Jinsi Virusi Vinavyosafiri Ndani ya Neva, na Kwa Nini Siku ya Kwanza Ndiyo Muhimu

Mtoto anachunga mbuzi nje kidogo ya kijiji katika wadi ya Adu, Kaunti Ndogo ya Magarini. Mbwa asiyejulikana anatokea vichakani, anamng'ata mguuni na kukimbia. Damu inatoka kidogo. Mtoto anafunga kitambaa na kuendelea na kazi hadi jioni. Nyumbani kidonda kinaonekana kidogo, hospitali iko mbali na nauli haipo. Baada ya wiki mbili ngozi imefunga, na nyumba nzima imesahau.

Hatari ya tukio kama hili ni kwamba kidonda kinaweza kupona kabisa huku ugonjwa ukiendelea na safari yake. Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu anayeanza kuonyesha dalili. Hata hivyo, mtu aliyeng'atwa akitibiwa mapema na ipasavyo, ugonjwa huu huzuilika karibu kila mara. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni safari ya virusi kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni. Anayeielewa safari hiyo ataelewa pia kwa nini anaambiwa aoshe kidonda kwa dakika 15, na kwa nini asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kirusi ni kitu gani

Kirusi ni kidogo kuliko bakteria, na hakionekani kwa hadubini ya kawaida ya zahanati. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi. Vikipangwa kwa urefu, kimoja nyuma ya kingine, zaidi ya virusi 5,000 vingeenea katika milimita moja.

Kirusi hakili, hakipumui, na hakina miguu wala mabawa. Ndani yake mna maagizo ya kutengeneza virusi vingine, na nje kimefunikwa kwa utando wenye vichomozi vya protini. Maagizo hayo yameandikwa katika jeni tano tu, ilhali binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Kwa jeni tano, kirusi hakiwezi kujitengenezea chakula, nguvu wala usafiri. Kila kinachokihitaji lazima kikipate ndani ya seli ya kiumbe mwingine: mbwa, mbuzi, punda au mtu.

Seli ina barabara zake

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ni kama kijiji chenye shughuli nyingi. Kuna mahali protini zinapotengenezwa, mahali zinapofungashwa, na mahali taka zinapovunjwavunjwa. Mizigo hutoka sehemu moja kwenda nyingine ikiwa ndani ya vifuko vidogo vya utando.

Vifuko hivyo husafiri kwa njia maalumu. Ndani ya seli kuna vijibomba vyembamba vya protini viitwavyo mikrotubuli, vilivyotandazwa kama reli. Juu ya reli hizo hutembea protini zinazobeba mizigo, zikitumia nguvu inayotokana na chakula tunachokula. Kundi moja, linaloitwa kinesini, kwa kawaida hupeleka mizigo kutoka katikati ya seli kwenda pembeni. Protini nyingine, dainini, huirudisha mizigo kutoka pembeni kuja katikati.

Mkazi wa Adu hahitaji kufundishwa umuhimu wa barabara. Unga, dawa na vitabu vya shule huja kutoka mjini. Mbuzi na mazao huenda mjini. Mvua ikikata barabara, pande zote mbili huumia. Seli nazo ziko vivyo hivyo, hasa seli za neva. Seli ya neva inayoendesha misuli ya unyayo ina kiini chake kwenye uti wa mgongo, lakini mkia wake hufika hadi mguuni. Kwa mtu mzima, seli hiyo moja inaweza kuwa na urefu wa karibu mita moja. Protini zinazohitajika mguuni hutengenezwa zaidi mgongoni na kusafirishwa kwenda chini, na ujumbe kutoka mguuni hubebwa kwenda juu. Kila saa, usiku na mchana, magari haya hayasimami.

Kudandia gari lisilo lako

Mbwa mwenye kichaa anapong'ata, mate yake yenye virusi huingia kwenye nyama ya mguu. Virusi vinaweza kukaa hapo kwa siku au wiki kadhaa, na vingine huzaliana kwanza ndani ya misuli. Baadaye hufika mahali neva inapokutana na msuli.

Kwenye ncha ya neva kuna vipokezi, yaani protini zinazopokea ujumbe kutoka nje. Kimojawapo hupokea ujumbe wa kuitunza na kuikuza neva, ambao hubebwa hadi kwenye kiini cha seli. Vichomozi vya kirusi hushika vipokezi vya aina hii. Neva hudhani imepokea mzigo wake wa kawaida. Inakunja utando wake kuelekea ndani, inakifunga kirusi ndani ya kifuko, na kukipakia kwenye reli. Dainini huanza kukivuta kuelekea uti wa mgongo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israeli, walichapisha matokeo ya kuvitazama virusi hivi vikisafiri ndani ya seli hai za neva. Waliona kwamba virusi vilivyoshika kipokezi hicho vilikwenda kasi kuliko ujumbe wa kawaida unaotumia kipokezi hichohicho. Kwa maneno mengine, abiria huyu halipi nauli, na bado anamharakisha dereva.

Kirusi kikishaingia kwenye neva, husafiri takriban milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kutoka kwenye kifundo cha mguu wa mtoto hadi uti wa mgongo kuna kama nusu mita. Kwa kasi hiyo, safari hiyo ni ya siku tano hadi kumi. Bila usafiri wa seli, kirusi kingekuwa kinaelea tu ndani ya neva na kisingefika katika maisha ya mtu.

Kiwanda kinapotekwa

Kirusi kinapofika kwenye mwili wa seli ya neva, kifuko kilichokibeba huwa na asidi ndani yake. Kwa kawaida asidi hiyo huisaidia seli kuvunja mizigo iliyopokewa. Kwa kirusi, asidi ni kama ufunguo: hubadilisha umbo la vichomozi vyake, utando wa kirusi unaungana na utando wa kifuko, na maagizo yanamwagika ndani ya seli.

Kuanzia hapo seli inafanya kazi ya mwingine. Mitambo yake ya protini inasoma maagizo ya kirusi na kutengeneza vipande vya virusi vipya. Vichomozi vya nje hupitishwa katika sehemu ileile ambayo seli hufungashia protini zake, kisha husafirishwa hadi kwenye utando wa seli. Hapo virusi vipya hukusanyika, vinajivika utando na kutoka. Vinarukia seli ya neva iliyo jirani, na safari inaendelea kwenda juu hadi ubongoni.

Kutoka ubongoni virusi hupanda tena neva, safari hii vikielekea nje, hadi kwenye tezi za mate. Hapo mate yanajaa virusi. Wakati huohuo ubongo uliovamiwa unabadilisha tabia: mbwa mpole anakuwa mkali na kung'ata ovyo, au anapooza taya na kutokwa na udenda. Binadamu hupata homa, maumivu au mwasho pale alipong'atwa, wasiwasi, kuchanganyikiwa, na mikazo ya koo anapojaribu kunywa maji. Ndiyo sababu wengine huuita ugonjwa wa kuogopa maji. Wengine hupooza polepole.

Virusi vingine hutumia njia hizohizo

Kichaa cha mbwa si peke yake katika hila hii. Virusi vya dengi na chikungunya navyo huingia kwenye seli vikiwa ndani ya vifuko, na hungoja asidi ya kifuko ili vifunguke. Pwani inavijua: chikungunya ililipuka Lamu mwaka 2004, na Mombasa kuanzia mwishoni mwa 2017. Virusi vya UKIMWI navyo hubebwa na dainini kuelekea kwenye kiini cha seli, ambako huchomeka maagizo yao.

Mfano ambao familia nyingi zimeuona ni mkanda wa jeshi. Mtoto anaugua tetekuwanga na kupona, lakini virusi vyake vimekwishapanda neva na kujificha karibu na uti wa mgongo. Miaka mingi baadaye, kinga ya mwili ikipungua, vinashuka kwa neva ileile na kutokeza malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili. Barabara iliyowapeleka ndiyo inayowarudisha.

Kwa nini matibabu ya mapema hufaulu

Askari wa mwili, yaani kingamwili, huzunguka kwenye damu na katikati ya tishu. Wanaweza kumkamata kirusi akiwa bado kwenye kidonda au kwenye msuli. Akishaingia ndani ya neva na kufungwa katika kifuko, ni vigumu sana kumwona. Zaidi ya hayo, virusi vinavyoingia kwa kung'atwa huwa vichache na hupita kimyakimya, hivyo mwili hauamki mapema kutengeneza kingamwili za kutosha. Dalili zinapoanza, virusi vimeshaenea kwenye ubongo, na hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuvitoa.

Kila hatua ya matibabu inalenga kumzuia abiria kabla hajapanda gari.

Kuosha kidonda hutoa virusi vilivyo juu, na sabuni huyeyusha utando unaovifunika. Kirusi kisicho na utando hakiwezi kushika kipokezi cha neva.

Dawa ya kingamwili zilizo tayari hudungwa ndani na kuzunguka kidonda pale ngozi ilipotoboka. Kazi yake ni kulinda kidonda katika siku za mwanzo, kwa sababu chanjo huhitaji siku saba au zaidi kabla mwili haujajitengenezea kingamwili zake.

Chanjo huuamsha mwili utengeneze kingamwili wenyewe. Hutolewa kwa dozi kadhaa. Ratiba inayojulikana sana Kenya ni siku ya kwanza, inayohesabiwa kuwa siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Zipo pia ratiba fupi zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kinachofuatwa ni kadi aliyopewa mgonjwa, na kila tarehe iliyoandikwa humo ina maana. Anayeacha baada ya dozi mbili kwa sababu kidonda kimepona anampa kirusi nafasi.

Njia hii ina historia ndefu. Tarehe 4 Julai 1885 mvulana wa miaka tisa nchini Ufaransa, Joseph Meister, aling'atwa na mbwa aliyeaminika kuwa na kichaa. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Julai, Louis Pasteur alianza kumpa chanjo yake mpya, na mtoto akapona. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895.

Usipige hesabu ya siku

Kwa kawaida dalili huonekana miezi miwili au mitatu baada ya kung'atwa, lakini zinaweza kutokea ndani ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka. Tofauti hiyo hutokana na kiasi cha virusi vilivyoingia, muda vilivyokaa kwenye msuli, na umbali kutoka kidonda hadi ubongoni. Aliyeng'atwa usoni, shingoni au mkononi yuko katika hatari ya haraka zaidi, kwa kuwa njia ni fupi na sehemu hizo zina neva nyingi. Watoto huumia zaidi kwa sababu ni wafupi: mbwa anayemrukia mtu mzima gotini humfikia mtoto usoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Hakuna anayeweza kujua kirusi kimefika wapi. Basi hakuna sababu ya kungoja, na pia hakuna sababu ya kukata tamaa. Aliyechelewa wiki moja au hata mwezi, na bado hana dalili, aende kituo cha afya leo.

Hatua za kuchukua baada ya kung'atwa

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Palipo na uhaba wa maji, tumia jagi au chupa na umimine polepole. Sabuni yoyote ya kufulia au kuogea inafaa.

2. Paka dawa ya kuua viini kama ipo, mfano iodini.

3. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, majani wala kuweka jiwe la nyoka. Vitu hivi huchubua nyama na kupoteza muda.

4. Usifunge kidonda kwa kukibana, na kisishonwe kabla ya mhudumu wa afya kukikagua.

5. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Si kila kituo huwa na chanjo wakati wote. Muuguzi atakuelekeza penye chanjo, iwe ni Malindi au kwingineko, na hapo ndipo pa kwenda moja kwa moja.

6. Toa taarifa kwa mhudumu wa afya ya jamii, mzee wa kijiji au chifu, na kwa ofisi ya mifugo, ili mbwa afuatiliwe na wengine walioguswa watafutwe.

Mkwaruzo mdogo usio na damu, au mate ya mbwa yaliyoingia kwenye mchubuko, jicho au mdomo, navyo vinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, mbwa akiwa wa jirani na anaonekana mzima? Anza matibabu kwanza. Mbwa anaweza kutoa virusi kwenye mate siku chache kabla ya kuonyesha dalili. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mhudumu wa afya anaweza kusimamisha dozi zilizobaki.

Je, sindano hudungwa tumboni? Hapana. Hayo yalikuwa mambo ya chanjo za zamani. Siku hizi mtu mzima hudungwa mkononi karibu na bega, na mtoto mdogo pajani.

Je, mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuchanjwa? Ndiyo. Chanjo ni salama kwake.

Je, mbuzi au ng'ombe aliyeng'atwa achinjwe haraka ili nyama isipotee? Hapana. Asichinjwe wala kuchunwa kabla ya afisa wa mifugo kuitwa. Anayepasua mnyama mwenye kichaa anaweza kuambukizwa kupitia mchubuko mkononi.

Kuzuia kabla ya kung'atwa

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kipo, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 2030 unalenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa. Karibu maambukizi yote ya binadamu duniani, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Palipo na mbwa waliochanjwa asilimia 70, ugonjwa hukosa pa kupita na hufifia wenyewe.

Katika vijiji vya Magarini mbwa ni mlinzi wa mbuzi, wa shamba na wa boma usiku. Huko porini hukutana na mbweha na mbwa wasio na mwenyewe, kisha hurudi kulala mlangoni penye watoto. Mbwa huyo anastahili chanjo kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu. Timu ya mifugo inapotangaza siku ya kuchanja, mpeleke akiwa amefungwa kamba, na utunze cheti. Mbwa wengi huenda na watoto, kwa hiyo watoto wafundishwe wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wachanga, na wamwambie mzazi mara moja wakikwaruzwa, hata kama wanaogopa kugombezwa.

Mtoto yule wa Adu aliyefunga kitambaa alikuwa na mto, kisima au tangi la maji mahali fulani njiani, na kipande cha sabuni nyumbani. Dakika 15 za kwanza hazihitaji nauli. Kazi ya familia ni kuzitumia, kisha kufika kituoni kabla ya jua kutua.